Ghala la Kudumu, Askari wa Kuazima

Ng'ambo ya ziwa letu, Victoria, kule Entebbe, Uganda, Umoja wa Mataifa una kituo kikubwa cha kuhudumia misheni zake za kulinda amani barani Afrika. Kilianzishwa mwaka 2010. Kingine kiko Brindisi, Italia, tangu 1994, chenye maghala ya mahema, jenereta, magari na mitambo ya mawasiliano. Vitu hivyo vimewekwa tayari kwa sababu kila mtu anakubali kwamba vita vikishalipuka umechelewa kuanza kutangaza tenda ya jenereta. Kuna hata polisi wachache wa kudumu wa Umoja wa Mataifa, hawafiki mia, wenye makao yao hukohuko Brindisi. Kikosi cha askari ndicho hakipo. Hata kimoja. Kila bereti ya buluu unayoiona kwenye taarifa ya habari imevaliwa na askari wa kuazima, na serikali iliyomtoa inaweza kumrudisha nyumbani siku yoyote ikitaka.

Kwangu mimi hii ni kasoro kubwa kuliko tunavyoichukulia. Naamini dunia inahitaji jeshi dogo la kudumu la kulinda amani, ambalo askari wake wanaajiriwa moja kwa moja na Umoja wa Mataifa, mmoja mmoja, kutoka nchi zote, wanafunzwa pamoja, wanakaa kambi moja na wanaondoka siku ileile amri inapotoka. Na naamini sisi tunaoishi kandokando ya ziwa hili tuna haki ya kulidai kwa sauti kuliko watu wa Geneva au New York. Vita vya majirani zetu hutufikia kwa wakimbizi, kwa bei za sokoni na kwa majeneza.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, Ibara ya 43, ulizitaka nchi wanachama ziingie makubaliano na Baraza la Usalama na kutenga majeshi ya kuitwa amani inapovunjwa. Kamati ya wakuu wa majeshi ya mataifa makubwa ikaundwa kulisimamia jambo hilo. Wamarekani na Wasovieti wakashindwana: jeshi liwe kubwa kiasi gani, likae wapi, nani atoe nini. Kufikia 1948 mjadala ulikuwa umekufa, na mpaka leo hakuna nchi hata moja iliyosaini makubaliano ya ibara hiyo. Kamati bado ipo na bado inakutana. Walinda amani tunaowajua walitokea mlango mwingine. Wakati wa mgogoro wa Suez mwaka 1956, Lester Pearson wa Canada alipendekeza kikosi cha dharura, kikakusanywa harakaharaka kutoka nchi zilizokuwa radhi, yeye akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka uliofuata, na mpango ule wa dharura ndio umegeuka kuwa utaratibu wa miaka yote. Brian Urquhart, Mwingereza aliyeshiriki kuujenga utaratibu huo tangu mwanzo, alisema hadharani mwaka 1993 kwamba hautoshi, kwamba Umoja wa Mataifa unahitaji askari wake wenyewe wa kujitolea.

Mwaka uliofuata yakaja mauaji ya kimbari ya Rwanda, na hapa naomba nikae kidogo.

Mto Kagera unatoka Rwanda, unaporomoka pale Rusumo, unafuata mpaka wetu, kisha unaingia ziwani karibu na Kasensero, upande wa Uganda. Aprili na Mei 1994 mto ule ulibeba watu. Wavuvi wa Kasensero na Lambu ndio waliowaopoa na kuwazika, kwa maelfu, na makaburi yao yapo huko mpaka leo. Mwishoni mwa Aprili zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban siku moja. Huku Mwanza tuko mbali na mdomo wa mto, lakini maji ni yaleyale. Nyumbani kwetu mama aliacha kununua samaki. Hakutueleza kwa nini, tulikuwa watoto. Tulikula maharage na mchicha, na watu wazima walishusha sauti kila redio ilipotaja Kigali.

Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kusoma tarehe, na tarehe hizo ndizo zilizonifanya niamini ninachokiamini. Ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili ikitoka kwenye mkutano Dar es Salaam. Kesho yake wanajeshi 10 wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa wakauawa, na Ubelgiji ikaamua kuwaondoa wake wote. Kamanda wa kikosi hicho, Jenerali Roméo Dallaire wa Canada, alikuwa na askari kama 2,500 na aliomba aongezewe. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likampunguzia: abaki na 270. Yeye na naibu wake, Henry Anyidoho wa Ghana, wakakataa kuondoka, wakabaki na mia nne na ushee, wengi wao Waghana.

Hilo watu wengi wanalijua. Kinachosahaulika ni kilichofuata. Tarehe 17 Mei, Baraza lilibadili msimamo. Likapitisha azimio namba 918 la kupeleka askari 5,500. Kwenye karatasi, dunia ilikubali kuwaokoa Wanyarwanda waliokuwa bado hai. Wakati huo serikali 19 zilikuwa zimeuahidi Umoja wa Mataifa kwamba zina askari wa akiba, tayari kuitwa. Katibu Mkuu, Boutros Boutros-Ghali, akabisha hodi kwa zote. Hakuna hata moja iliyokubali. Nchi chache za Afrika, Ghana na Ethiopia miongoni mwao, zilikuwa na watu lakini hazikuwa na magari. Marekani ikakubali kukodisha magari 50 ya deraya, kisha wiki zikaisha watu wakibishana juu ya masharti ya ukodishaji. Magari hayo yalishushwa Entebbe mwishoni mwa Juni, hayana redio, hayana bunduki zake, na hakukuwa na malori ya kuyafikisha Kigali. Tarehe 4 Julai Kigali ikaangukia mikononi mwa waasi wa RPF. Watu wapatao 800,000 walikuwa wameshauawa.

Kwa hiyo Rwanda iliangushwa mara mbili, na mara hizo mbili hazifanani. Aprili, wenye uamuzi walikataa. Mei, waliamua, na uamuzi wao haukuwa na miguu. Jeshi la kudumu halitibu ugonjwa wa Aprili, na anayedai kwamba linautibu anadanganya. Linatibu wa Mei. Hata huo wa Aprili nadhani lingeupunguza makali, kwa sababu sehemu kubwa ya ugumu wa wale mabwana ilikuwa hofu ya kuombwa watoto wao. Miezi sita kabla, Oktoba 1993, Marekani ilikuwa imepoteza askari 18 Mogadishu, na hakuna aliyetaka kurudia kuonyesha majeneza kwenye televisheni. Ni rahisi zaidi kunyoosha mkono kupiga kura ya ndiyo pale anayekwenda ni mtu aliyejiandikisha mwenyewe kwa kazi hiyohiyo.

Mwezi Februari 2025, wiki chache baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma, mashariki mwa Kongo, nilikwenda Mwaloni, Kirumba. Asiyeijua Mwaloni ajue kwamba pale ndipo dagaa na kayabo wa ziwa hili wanapopakiwa kwenda Kongo, Rwanda na Burundi. Kayabo ni sangara aliyepasuliwa, akafunuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa mpaka akawa mgumu wa kupangwa kama mbao. Siku ile marundo yalikuwa yamefika juu kuliko kawaida. Mama mmoja wa makamo alikuwa amekaa juu ya mzigo wake uliokwishafungwa kamba, akikwangua chumvi iliyoganda kwenye ukingo wa samaki kwa kisu butu, bila haraka, kama mtu asiye na pa kwenda. Nilimwamkia, akanisogezea ndoo nikae.

Biashara yake inakwenda kwa kuaminiana: nusu ya fedha inatangulia, nusu inakuja mzigo ukishauzwa Goma. Mteja wake wa miaka mingi simu yake ilikuwa haipatikani tangu mwisho wa Januari. "Mwanangu," aliniambia, "wenzangu wanauliza bei ya chumvi. Mimi nauliza yule mama yuko hai?" Alikuwa hajaanza hata kuhesabu deni. Nikamweleza kwamba naandika juu ya walinda amani. Akaacha kukwangua. "Kwani wale wa buluu si walikuwepo?"

Walikuwepo. Umoja wa Mataifa uko Kongo na askari tangu 1999, na Goma ilipoanguka mwaka 2025 ulikuwa bado na maelfu ya askari nchini humo. Ilipoanguka mara ya kwanza, Novemba 2012, walikuwepo pia, wakatazama. Swali la yule mama ndilo gumu kuliko yote ambayo nimewahi kuulizwa juu ya jambo hili, na anayetaka jeshi la kudumu analazimika kulijibu kabla ya kuomba hata senti moja.

Nilianza kupata jibu kwa mtoto wa mamdogo, mwanajeshi aliyestaafu, aliyewahi kuvaa bereti ya buluu katika nchi ambayo ameniomba nisiitaje. Kikosi chake kilikuwa kwenye kilima, na bondeni kulikuwa na kikosi cha nchi nyingine. Usiku mmoja wakasikia risasi upande wa kijiji kilichokuwa karibu zaidi na wenzao. Kamanda wa misheni akatoa amri kwa redio: kikosi cha bondeni kisogee. "Dada, amri tuliisikia wote," alinisimulia. "Kimya. Baadaye tukaja kujua mkuu wao alichukua simu ya setilaiti akapiga kwao, kuuliza kama anaruhusiwa. Kwao ilikuwa alfajiri. Anayeruhusu alikuwa bado kalala." Kulipopambazuka walikwenda. Hakuniambia walikuta nini, nami sikumsukuma.

Ukiwa askari wa kuazima una mabwana wawili. Mmoja amekupa bereti, mwingine amekupa mshahara, cheo na kiinua mgongo, na siku ya siku unajua utamtii yupi. Serikali nyingi hutoa vikosi vyake zikiwa zimeshaweka masharti: wasifanye doria usiku, wasivuke mto fulani, wasiingie mapigano bila kuuliza. Hayo hayaandikwi kwenye azimio linalosomwa New York. Kwa hiyo unaweza kuwa na askari 10,000 kwenye ramani na usiwe na 500 wa kuwapeleka kijijini usiku.

Sisi Watanzania tumelipa gharama ya hali hiyo. Baada ya aibu ya Goma mwaka 2012, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 mwezi Machi 2013, likaunda brigedi ya kujibu mashambulizi ya askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake wa kwanza akiwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Brigedi ile ilikuwa na amri moja iliyo wazi, na kufikia Novemba mwaka huo M23 walikuwa wameshindwa. Lakini tazama muda: Goma imeanguka Novemba, azimio limekuja Machi, vijana wetu wameanza kufika Mei. Wananchi wa Kivu walisubiri mwaka mzima mpaka M23 wakashindwa. Kisha, jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya jeshi letu, JWTZ, ya Semuliki, wilayani Beni, Kongo, ilishambuliwa, na mapigano yakaendelea kwa saa nyingi. Walinda amani 15 walikufa, wote Watanzania. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe ulikuta kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwatoa, na kwamba kulikuwa na matatizo ya amri na uongozi, na upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi. Niliposoma maneno hayo nilikasirika, na hasira hiyo haijaisha. Watu walikufa wakisubiri wenzao ambao hakuna aliyekuwa amepanga waje vipi.

Hapo ndipo ninapomjibu mama wa Mwaloni. Wale wa buluu walikuwepo, lakini hawakuwa jeshi. Walikuwa majeshi mengi madogo yaliyopanga nyumba moja.

Majaribio ya njia ya kati yamefanyika. Denmark na wenzake waliunda brigedi ya akiba mwaka 1996, ikaenda mpakani mwa Ethiopia na Eritrea mwaka 2000, ikavunjwa 2009 kwa sababu wanachama walichoka kuitolea watu. Umoja wa Afrika nao una Kikosi cha Akiba, kilichotakiwa kuwa tayari ndani ya siku 14 yakitokea mauaji ya kimbari. Ni mpango mzuri, na tatizo lake ni neno hilohilo akiba: askari wako makwao, na siku ya kuitwa rais wa kila nchi anaanza upya kufikiri. Desemba 2015 Umoja wa Afrika uliidhinisha askari 5,000 kwenda Burundi. Bujumbura ikasema watakaokuja watapigwa, na mwezi uliofuata wakuu wa nchi wakalikunja jambo hilo. Wakimbizi wakaendelea kumiminika Kigoma.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulikwepa, na huku Usukumani tunalijua kwa mifano yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Uganda, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawa wa kutisha. Wananchi wa Shinyanga na Tabora, kisha wa Mwanza, wakaunda sungusungu. Yowe likipigwa, kila mwanaume anayelisikia anatoka na upinde wake, na asiyetoka anatozwa faini. Wizi ulipungua sana. Wazee waliouona wakati ule wanausimulia kwa heshima na mimi nawaelewa: kwa mara ya kwanza mwenye kuibiwa alijua watu watakuja, usiku huohuo. Lakini wapo pia waliopigwa mpaka kufa kwa tuhuma, na bibi vizee walioandamwa kwa uchawi, kwa sababu waliokamata ndio waliohukumu na ndio walioadhibu. Hakukuwa na mlango mwingine wa kwenda kulalamika.

Jeshi la kudumu la dunia lisilo na mahakama juu yake litakuwa hivyohivyo, na silaha nzito zaidi. Hata sasa mambo ni mabaya. Mlinda amani akimbaka msichana, mwenye mamlaka ya kumshtaki ni nchi yake tu, na mara nyingi kinachofanyika ni kumpandisha ndege. Haiti, kipindupindu kilichoingia na kikosi cha walinda amani mwaka 2010 kiliua watu wapatao 10,000, na waliodai fidia mahakamani Marekani waliambiwa Umoja wa Mataifa una kinga. Kwa hiyo ninapotaka jeshi hili nataka na mahakama yake, inayokaa palepale kosa lilipotendeka, ambako mama wa msichana anaweza kwenda kwa miguu kusikiliza kesi. Kwa kweli hili naliona ni hoja ya kulitaka jeshi la kudumu, kwa kuwa mwajiriwa wa Umoja wa Mataifa unaweza kumtungia sheria ya Umoja wa Mataifa ya kumbana. Wa kuazima huwezi.

Kura ya turufu nayo itabaki. Jeshi hili halitakwenda kwenye vita vya mkubwa yeyote kati ya wale watano wenye kura hiyo kwenye Baraza la Usalama, tusijidanganye. Litakwenda kwenye vita ambavyo wakubwa hawana maslahi makubwa ya kuvizuia wala kuvichochea, na vita hivyo ndivyo vingi vya huku kwetu.

Fedha ndiyo hoja inayotajwa kwanza, nami naiona ndogo kuliko zote. Bajeti ya kulinda amani ya mwaka 2024/25 ilikuwa kama dola bilioni 5.6 kwa misheni zote. Matumizi ya kijeshi ya dunia mwaka 2024 yalipita dola trilioni 2.7. Tayari Umoja wa Mataifa unazilipa serikali kwa kila askari, na kiwango kilichowekwa mwaka 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa mwezi. Fedha hizo huchelewa kwa sababu wadaiwa wakubwa hawalipi kwa wakati. Jeshi la watu 5,000 au 10,000 lingegharimu sehemu ndogo ya hayo yote. Lianze dogo, lisikae milele kwenye nchi ya watu, kazi yake iwe wiki za mwanzo mpaka wengine wafike. Na Tanzania, iliyozika askari Darfur na Kivu, ina uzito wa kusimama kwenye Baraza Kuu na kulipendekeza. Sijaona kwa nini wanadiplomasia wetu wasubiri Canada au Uholanzi, waliotoa mapendekezo ya namna hii mwaka 1995, waje kutusemea tena.

Nilimuuliza mtoto wa mamdogo kama angekuwa kijana leo angejiandikisha. Hakujibu haraka. Alitaka kujua vitu vitatu. Akifa, mkewe atadai wapi haki zake? Nikamwambia kwa mwajiri, kama mfanyakazi yeyote wa kimataifa. Akikosea akaua raia, atahukumiwa na nani? Nikamweleza habari ya mahakama, akaitikia kwa kichwa. La tatu ndilo lililotuweka barazani mpaka mbu wakatufukuza: je, akiamriwa aondoke kijijini na anajua watu watachinjwa nyuma yake?

Nikamtajia Anyidoho na Waghana wake. Akasema wale walibahatika kuwa na mkuu wa namna ile, na bahati haiwezi kuwa sheria. Anataka kiwepo kifungu kinachosema wazi kwamba amri ya kuwaacha raia mikononi mwa wauaji ni amri batili, na asiyeitii haadhibiwi. Nilimwambia majenerali hawatakipenda kifungu hicho. Akasema anajua, na kwamba bila kukiona kwenye mkataba asingesaini.